Nimebandua maandishi ya magodoro mlangoni mwa gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada haraka, usingizi umenihama, na mimi ndiye muuza magodoro, ona mambo hayo.

Nina kigari cha mizigo, mlangoni nilibandika LALA KAMA MTOTO, na siku ya kukata bima dada wa ofisini akaniuliza, "Kaka, gari la biashara au matumizi ya nyumbani?" nami nikajua bima ya nyumbani ndiyo ya bei rahisi, nikajibu, "La nyumbani dada, la kumpeleka mke wangu kwao," akaandika, nikaondoka napiga mluzi kama mjanja, miezi minane nasambaza magodoro ya watu. Sasa juzi narudi nyuma na magodoro kumi, yamejaa hata kioo sioni, nikamgonga mama mshonaji wa duka la pili kutoka langu, mguu umevunjika, tena ule wa kukanyagia cherehani. Hospitali nilimpeleka mwenyewe, nikalia kumshinda mgonjwa, yeye ndiye ananibembeleza, "Nyamaza mwanangu, si una bima? Watanitibu." Kila akisema hivyo natoka nje kujifanya napokea simu.

Shemeji yangu, mjuaji wa yote, kasema, "Bandua hayo maandishi, mkaguzi wa bima akija mwambie mlikuwa mnahama." Mke wangu akaruka, "Magodoro kumi, na nailoni zake? Humu ndani tunalala wangapi, kikosi cha jeshi?" Nikabandua hivyohivyo. Jamani, jua limeshachoma rangi ya mlango pembeni mwa herufi, zenyewe zimetoka lakini LALA KAMA MTOTO inasomeka kuliko zamani! Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Nikisema kweli watanikataa, nikidanganya nitanaswa, na mguu wa mama wa watu je?

Ni mimi, Mzee wa Magodoro.

Mzee wa Magodoro, pole. Umenichekesha, kisha ukanikasirisha.

Ujanja wako ulikuwa hapo ofisini, siku ile ya mluzi. Bima hufuata kazi ya gari. Ukibeba mizigo ya wateja, hiyo ni biashara hata kama usiku gari linalala uani kwako. Ulimficha dada wa watu kazi yenyewe, sasa unataka kumficha na mkaguzi? Hapo utakuwa umetoka kwenye kosa na kuingia kwenye kesi.

Usimsubiri mkaguzi. Kesho asubuhi nenda mwenyewe na karatasi zako zote, useme gari lilikuwa kazini, lilibeba nini, na ulidanganya nini. Gari lako huenda wasilitengeneze, vumilia. Ila ng'ang'ania swali la mama: bima ya mtu aliyegongwa inamhusu vipi? Sehemu nyingi sheria humlinda hata dereva akikosea, kwa hiyo usikubali jibu la mdomo, omba la maandishi. Wakikuzungusha, mtafute mwanasheria.

Kisha kata bima ya biashara kabla hujabeba hata mto. Uliza pia kama inagusa mzigo na kila anayeendesha, usijaze kwa kubahatisha.

Shemeji mwache apumzike.

Na leo hii, kabla ya yote, kaa kando ya kitanda cha mshonaji umwambie mwenyewe ukweli wa bima. Anakuita mwanangu, asije akaipata habari hiyo kwa mkaguzi, wakati mlango wa gari lako umeshamwambia kila anayepita.