Safari Hii Tunafikia Michenga

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje baada ya kuvuna mpunga? Sisi huku Ujerumani tu wazima. Masanja anakuamkia, na wajukuu zako Kulwa na Doto wametimiza miaka mitatu na hawanyamazi, Kiswahili hiki, Kijerumani hiki.

Nakuandikia kwa mkono, nampa mwenzangu wa kazini anayerudi Morogoro, kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi nakubali kila kitu. Safari hii sitaki kukubali.

Uliniambia, "Mwanangu, mfuate baba yako mkubwa, yaishe." Mama, naomba unisikilize kwanza.

Unakumbuka likizo iliyopita. Tulishuka kwenye ndege, tukaunganisha basi moja kwa moja hadi Ifakara kwa Baba Mkubwa, na kesho yake tukaanza kuzungushwa. Lupiro kwa wakwe, Mbingu kwa shangazi, Mlimba kwa watu ambao hata mimi sikuwajua. Kila nyumba wali, kila nyumba picha, kila mtu anataka kuwapakata watoto. Kule Mlimba nilisema Doto ana joto. Wakanijibu, "Subiri kwanza mzee amalize kuongea." Mzee akaongea. Doto akashikwa na degedege mikononi mwangu, macho yamegeuka, na watu bado wameshika sahani. Njia nzima kurudi hospitali ya Ifakara nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Wewe ulitukuta pale kwenye benchi. Ulijionea.

Sasa majuzi Baba Mkubwa kanipigia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nimeshapanga kila kitu," akasema. "Mnafikia kwangu, tunachinja, Jumapili tunakwenda kanisani wote, halafu tunaanza mzunguko."

"Baba, safari hii tunafikia Michenga kwa mama, na tutakaa hapohapo mpaka likizo iishe. Anayetaka kuwaona watoto, karibu sana, aje."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Ulaya ndiko walikokufundisha kuwapangia wakubwa?"

"Hapana, baba. Nimejifunza kwenye benchi la hospitali, Ifakara."

Halafu akataka kuongea na mwanaume mwenzake. Nikampa Masanja simu. Akamuuliza kama siku hizi anaongozwa na mke. Masanja akasema, "Mzee, kwa jambo hili tumeamua wawili." Baba Mkubwa akasema tusipoanzia kwake, hatakanyaga Michenga, na ukoo mzima atauambia usikanyage. Akakata.

Nililia, sitakuficha. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenishika mkono, akanipeleka shule, akasimama kanisani siku ya ndoa yangu. Sijasahau hata kimoja. Lakini Doto si shukrani ya kumpelekea mtu.

Nilidhani wakwe nao watanuna. Jumapili mama mkwe akapiga kutoka Lupiro, sauti juu kama kawaida yake, ng'ombe wanalia nyuma. "Nimesikia maneno," akasema. "Mimi nitapanda bodaboda, navuka daraja, nakuja na maziwa yangu. Kwani nina miguu ya nini?" Nikacheka mpaka Kulwa akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo tiketi tumekata. Tukifika tutalala Dar es Salaam, tutalala tena Morogoro, ndipo tuje huko watoto wakiwa na nguvu zao. Usiandae sherehe. Tafuta vyandarua viwili vizima, na beseni kubwa la kuogea. Wataamka, watakula uji, watafukuza kuku wako, watachafuka wanavyotaka. Mchana wanalala. Mgeni akija saa hizo akae nawe barazani, na asiamshwe mtoto kwa ajili ya picha. Masanja atakusaidia kuanika mpunga. Mimi nataka kulala kitandani kwako, mama, nisikie mtu mwingine akisonga ugali.

Najua majirani watasema nimerudi na maringo. Waache waseme. Wakichoka watakuja kuwaona watoto.

Kiti cha Baba Mkubwa kitoe nje kila asubuhi. Akija nitapiga magoti nimwamkie kama nilivyofanya siku zote, nimpe Doto ampakate hadi miguu ife ganzi. Asipokuja, kiti kitaingia ndani jioni, na watoto watakuwa wamelala salama.

Nisalimie mama mdogo anayekuchotea maji, mjomba na wavuvi wenzake, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza kama bado anapita hapo na baiskeli yake. Na ukienda Ifakara mnadani, pita kwa Baba Mkubwa. Mpe shikamoo yangu kabla hujakaa. Akikuuliza kama nimebadili mawazo, mwambie bado.

Ni mimi binti yako, mama Kulwa,
Agripina