Jibu Langu Kuhusu Ponsiano

Kurui, Kisarawe
4 Februari 2024

Mke wangu Firdausi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko Kibaha. Mimi mzima, ila goti. Ripoti yenu nimeisoma yote, kurasa sitini, tena bila miwani.

Uongo. Nimesomewa ukurasa mmoja tu, na aliyenisomea ni Margareth, binti wa Ponsiano, barazani kwao, baba yake akisikiliza. Nyie wanasaikolojia mmelificha jina langu, lakini mzee wa miaka sabini na nane mwenye jirani Mnyamwezi wa upinzani hapa Kurui ni nani kama si mimi? Mmeandika kwamba nilipoulizwa kama ningemzika jirani wa chama kingine, nilijibu: "Simziki, nawatupia fisi." Basi mkahitimisha kuwa wazee wa chama changu tuna chuki na akili zilizofungwa.

Wewe ndiye uliyeshika kalamu siku ile. Ponsiano alikuwa ubavuni kwangu, akacheka mpaka chai ikampalia. Mtani wangu yule, kabila lake na langu tunataniana tangu enzi za babu zetu. Kaburi la bibi yako alilichimba nani?

Umesahau, au umesahaulishwa?

Babu yako,
Shomari

Kibaha
20 Februari 2024

Shikamoo Babu,

Pole na goti. Sisi huku wazima, namshukuru Mungu.

Sikusahau. Ofisini tuko tisa, na wote tisa tunapiga kura upande mmoja, usio wako. Jibu lako liliposomwa, kila mtu alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa analisubiri. Hakuna aliyeuliza kama ni utani. Mzee Ponsiano naye alijibu kwamba akifa mtu wa chama chenu atakodi ngoma acheze wiki nzima. Hilo tuliliandika "mzaha".

Nilitaka kusema. Nikaogopa wataniona namtetea babu yangu na chama chake. Nikanyamaza, na ripoti ikatoka. Nisamehe Babu.

Mjukuu wako,
Firdausi

Kurui, Kisarawe
2 Juni 2024

Mjukuu wangu Firdausi,

Hujambo? Safari hii sikuiti mke, utaniwia radhi. Goti limepona, ila sina pa kwenda nalo.

Nilimwambia Ponsiano kwamba nilikuwa natania. Akanijibu taratibu: "Mbona wasomi hawakuona utani? Na mjukuu wako alikuwepo." Miaka arobaini ananiita mtumwa wake. Juzi tumekutana kisimani akanishika mkono kwa adabu, akasema, "Habari za asubuhi, mzee Shomari." Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na ndoo tupu.

Mwezi uliopita tulimzika ndugu yangu Shabani. Ponsiano alikuja, akasimama nyuma kimya. Hakulizuia jeneza njiani kama mtani afanyavyo msibani, hakudai apewe kuku ndipo tupite. Watu waliniangalia mimi.

Wale wenzako wanane siwalaumu, hawanijui. Wangekuwa na mmoja wa upande wangu mle ndani, hata mjinga kama mimi, angewaambia. Walikuwa naye. Alikuwa amekaa kimya.

Sasa nadai changu. Ulipokuja na makaratasi yako ulituahidi kopo la ugoro, mimi na Ponsiano, kwa usumbufu. Hujalileta. Lilete mwenyewe, umkabidhi yeye mkononi, na umwambie yale uliyoniandikia mimi.

Kopo moja tu. Ukileta mawili, kila mtu atanusia kwake.

Babu yako,
Shomari