Spika ya Matanga

Kakamega

Dada Kageha,

Mama hajambo, na mahindi yamebeba vizuri. Nami hatimaye nimeipata sauti ya roki! Amplifaya yangu ya zamani, ya valvu za kioo, ilikataa spika zote mpya, zilikwaruza tu. Nikanunua sokoni Lubao spika kuukuu iliyotangaza matanga miaka mingi. Zikaelewana papo hapo. Gita linanguruma hadi kuku wanatoroka.

Ila jana nilichomoa gita, na spika ikaendelea. Ilikuwa sauti ya mtangazaji, ya upole, vile wanavyowaita watu kaburini: “Sasa ndugu wa marehemu wasogee mbele.”

Kageha, tumezaliwa wawili tu, na simu yako imezimwa tangu Jumapili. Mama sijamwambia. Dereva wa matatu ataleta barua hii mpaka mlangoni pako. Nitukane ukitaka, lakini mfungulie.

Kaka yako,
Patroba