Kwa Baba Aliyejua Miji Mikuu Yote

Kwako Baba, au Profesa, kama unavyopenda kuitwa huko mtaa wa Kongo, Kawangware,

Salamu zako zimefika. Achieng ameniambia umesikia binti yangu yuko gredi ya sita na mtihani unakaribia, na sasa unataka uwe unakuja kwangu Makina kila Jumamosi kumfunza maswali. Ati maarifa ya jumla na maswali ya kupima akili. Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nikimsuka akauliza kama niko sawa. Una uso mkavu, Baba. Wewe, umfunze mtoto wangu?

Unazikumbuka Jumapili zetu mtaani Kisumu Ndogo? Tukitoka kanisani, hata nguo hatujabadilisha, unatukalisha kitandani mimi na kaka yangu, wewe uko kwenye kiti cha pekee tulichokuwa nacho, rula mkononi. "Mji mkuu wa Peru?" Lima! "Mfupa mrefu kuliko yote mwilini?" Wa paja! "Kipi hakifanani na vingine: meza, kiti, kabati, mbuzi?" Tulijibu mbio mbio kwa sababu ukikosa rula inakushukia vidoleni. Majirani walikuja kusimama mlangoni wakusikilize ukitamba, nawe ukipandisha sauti makusudi. Wakati huo nilikuona mtu mkubwa sana. Nilikuwa mdogo, nikidhani anayeuliza maswali lazima awe anajua kila kitu.

Halafu lile la tangi. Mfereji mmoja unajaza tangi kwa saa tatu, wa pili kwa saa sita. Yote miwili ikifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya saa ngapi? Mimi nikakuuliza, "Baba, kwani maji yamerudi?" Kwa sababu mifereji ya kwetu ilikuwa imekauka tangu katikati ya wiki. Ukanichapa. Mama alikuwa hapo mlangoni akichambua dagaa wa omena wa kwenda kuuza, akasema bila hata kuinua kichwa, "Hebu muulizeni huyo profesa jerikeni yangu ya kupikia itajaa saa ngapi." Mlango mzima ukaangua kicheko. Ukamkemea: "Wewe, nyamaza, haya hayakuhusu." Jibu ni saa mbili, Baba. Nalijua mpaka leo. Ila nyumba yenye mifereji miwili inayotoa maji kwa wakati mmoja, hiyo bado naitafuta.

Mwaka niliokuwa darasa la nane, ulivaa shati jeupe, ukatuambia unaenda Kawangware kusimamia mtihani. Mtihani gani huo usioisha, jamani? Mama alikuwekea chakula jioni ile, na ya pili, na ya tatu, kisha akaacha. Kutoka Kisumu Ndogo hadi Kongo mtu anatembea kwa miguu, na akitaka anarudi mchana huohuo. Wewe ulitutajia umbali wa kutoka hapa hadi mwezini, lakini kutoka Kongo hadi kwa watoto wako ukashindwa kabisa. Kumbe huko ulikuwa umepanga chumba kingine, una mke mwingine na mtoto mwingine wa kumshikia rula.

Na hayo maarifa yenyewe, ngoja nikwambie, yalikuwa mabovu. Ulitufunza kwamba mji mkuu wa Burkina Faso ni Wagadogo. Ulilisikia kwenye redio yako yenye betri zilizochoka, ukalipokea hivyohivyo, na ukatuwekea na ufunguo wa kukumbuka: kuna Waga kubwa na Waga dogo, mji mkuu ndio dogo. Nilikwenda shule ya upili nikachekwa na darasa zima, kumbe mwishoni ni "dugu", si "dogo".

Basi nikiwa mtu mzima, kampuni moja ikatangaza kazi, tukaitwa mamia tufanye mtihani wa kupima akili. Tulipokuwa kwenye foleni nje ya ukumbi, watu wakawa wanaulizana maswali kupoteza woga. Mtu akatupa la Burkina Faso. Msichana aliyekuwa nyuma yangu akajibu haraka, "Wagadogo!"

Nikageuka. "Nani alikufunza hivyo?"

"Si ni buda, baba yangu. Ati kuna Waga kubwa na Waga dogo."

"Anakaa wapi?"

"Kongo. Watu wa kule huita yeye Profesa."

Huyo ndiye alikuwa Achieng. Kazi hatukuipata, mimi wala yeye, ila nilirudi nyumbani na dada. Wenzetu hufanana na ndugu zao pua au mwendo, sisi tumefanana kosa lako.

Mama alipofariki, Achieng alikuja tukalia pamoja, ingawa Mama hakuwa amemzaa yeye. Alikupigia simu mbele yangu. Ukamjibu una darasa, huwezi kuacha wanafunzi. Nilikudharau pale pale, Baba, na nakudharau leo. Naandika waziwazi usije ukasema hukuambiwa.

Sasa juzi nikamwomba Achieng anisikilizishe ile sauti uliyomtumia kwenye simu. Nilitaka kujua kama umezeeka, kama sauti inatetemeka angalau. Wapi! Ni ileile ya Jumapili. "Mwambie dadako nitakuja nimfunze yule mtoto." Nikairudisha, nikasikiliza tena. Yule mtoto. Ukaendelea na mtihani wako na vitabu vyako, mwishoni ukasema tena, "huyo mtoto atapita, nitahakikisha." Ukakata.

Haya, njoo Jumamosi. Ukifika Makina uliza msusi aliye nyuma ya msikiti, utaelekezwa. Sitakufukuza. Lakini binti yangu ndiye atakayesimama mlangoni, na atakuuliza swali moja tu: "Mimi naitwa nani?" Usimsumbue Achieng, nimemkataza asikuambie, na ameapa. Ni swali jepesi, la maarifa ya jumla hasa. Wapangaji wa ploti nzima wanalijua jibu, hata anayetuletea mandazi asubuhi analijua.

Nakupa na msaada ambao wewe hukuwahi kutupa. Mtoto nilimpa jina la Mama. Basi keti chini utafute, Profesa. Maana miaka yote mliyokaa nyumba moja, mkilala kitanda kimoja, sikukusikia hata siku moja ukimwita kwa jina. Ulikuwa unamwita "wewe".

Ni mimi,
Mama wa yule mtoto