Dungu la Leonsia halikuwa kwenye ramani

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua imekatika tangu jana, jua la leo ni kali la kukausha nguo, na Mlabani nzima inanuka matope. Kibanda changu cha kutengeneza simu nimekifungua kwa mazoea tu. Simu zilizolowa maji zimejaa mezani, nami sina mkono wa kazi.

Jumapili tumemzika dada Leonsia.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama. Haya, kumbe inaandikika.

Mnaopita humu kwenye ukurasa wangu mnakumbuka nilivyojigamba kuhusu mchezo wa mafuriko. Vijana wa mradi wa kujikinga na mafuriko walikuja na fulana zao na programu ya simu. Kijiji chetu kizima kimechorwa humo, kila kaya na alama yake. Mvua inanyesha kwenye kioo, mto unapanda, ujumbe unaingia, nawe, ukianzia kwenye alama yako, unachagua cha kubeba na njia ya kupita hadi shule ya msingi, kule kwenye mwinuko. Ukizubaa, maji yanakumeza na simu inatoa mlio kama wa kukucheka. Mimi, mzaliwa wa kijiji na fundi simu juu yake, nikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuweka alama.

Kila mtu nilimuuliza anaishi wapi. Kila mtu aliweka kidole kwenye nyumba yake ya kijijini.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Mgeni asingejua, lakini sisi tunajua: mpunga ukishapandwa, nusu ya kijiji inahamia bondeni hadi mavuno, inalala kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ikiamia ndege na kufukuza nguruwe. Watoto wanaachwa kijijini na bibi zao kwa ajili ya shule. Miezi inakatika mtu hajagusa kitanda chake. Ila muulize anaishi wapi! Hakuna mtu mzima mwenye heshima zake atakayekujibu kwamba anaishi kwenye dungu. Dungu ni kazini, nyumbani ni nyumbani.

Leonsia alikuwa na maringo kuliko wote, kwa sababu ya bati lake jipya. Alinilazimisha nisogeze alama hadi ikae katikati ya paa, nisije nikamhesabu kwa jirani. Nikasogeza, tukacheka.

Na alikuwa bingwa. Siku za mazoezi alitoka shamba asubuhi, akavaa kitenge chake cha kanisani, akawashinda hata walimu. Ujumbe ukiingia tu, yeye ameshabeba kadi za kliniki na mbegu, yuko njiani. Jioni anarudi zake kwenye dungu. Sikuwahi kujiuliza chochote.

Alhamisi ujumbe wa kweli uliingia: maji yanakuja, nendeni shule ya msingi. Kijijini watu walikwenda kama walivyojifunza. Tekla, binti wa Leonsia aliye darasa la tano, aliwaongoza mama yetu na wadogo zake, mkoba begani, wakafika kabla maji hayajaingia kijijini. Nilikuwa pale mwinukoni nikipokea watu. Niseme ukweli, nilijisikia fahari. Nilimpiga Tekla picha.

Akaniuliza mama yake atapita njia ipi.

Leo mchana shemeji Kasiani, mume wa dada, amekuja kibandani. Tangu msiba alikuwa hajasimulia kitu. Amesimulia leo, akiitazama meza. Walikuwa wote wawili juu ya dungu ujumbe ulipoingia. Yeye alitaka wakae palepale, nguzo zao ni imara, na miaka ya nyuma maji yalipita chini yao yakaenda zake. Majirani wa madungu ya karibu walikaa, na wote wako hai. Leonsia alisema wamefundishwa shuleni, na watoto watakuwa huko wanamsubiri. Kutoka kwenye bati lake hadi shule ni njia ya juu, kavu. Kutoka kwenye dungu unavuka kijito. Kwenye mchezo hakuwahi kukivuka hata mara moja. Akashuka. Kasiani alimfuata, maji yakamfika kifuani, akarudi.

Jumamosi Kasiani mwenyewe ndiye aliyemkuta, kwenye matete.

Asubuhi vijana wa mradi walinipigia kunipa pole. Wakasema kijiji kimefanya vizuri, wote waliofika shuleni wamesalimika. Ni kweli, na ndiyo maana inaniuma. Mama yangu na Tekla wanakula ugali leo kwa sababu ya mchezo uleule. Natamani niuchukie wote kwa moyo mmoja, nashindwa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu kaja na mkeka wake wa kulalia.

Nilidhani Kasiani amekuja kunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kupokea. Alifuta uso kwa kiganja.

"Shemeji, kwenye huo mchezo wako weka na dungu letu," alisema. "Na mtu akiwa juu ya dungu, umwambie akae hukohuko."

Nikafungua ramani. Kijijini alama zimesongamana. Bondeni ni kijani kitupu, hakuna hata moja, kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulima huko. Kidole chake kilitafuta, kikapita kijito harakaharaka, kikasimama. Nikaweka alama. Simu ikauliza, kama inavyouliza kwa kila kaya, wakazi ni wangapi.

Nilisita. Nilitaka niigeuze simu upande wangu, nijaze mwenyewe asione.

"Andika wawili," Kasiani akasema.

Nimeandika wawili.

Alipoondoka sikumsindikiza, nilibaki nikiitazama alama ile. Maji bondeni bado yamesimama, na nasikia watu wameshaanza kurudi kwenye madungu kuokoa mpunga ulioinama. Siwezi kuwalaumu, ndio wali wao wa mwaka. Kesho nafunga kibanda, naomba mtumbwi, napita dungu kwa dungu.

Safari hii simuulizi mtu anaishi wapi. Nitamuuliza jana alilala wapi.