Kahawa ya Bi Zuwena

Mji wa Ibra, Jumatano

...na habari ya skuli bado sijaipeleka. Mhariri keshapiga simu mara mbili.

Asubuhi mkuu wa skuli aliwatangazia wazee kuwa wasichana wote wa darasa la mwisho wamepata vyuo vikuu, na kuwa jengo jipya litaanza karibuni. Makofi. Baadaye Rayya, mmoja wao, akanionesha barua yake: atapokelewa akifaulu mtihani wa Kiingereza. Bado hajaufanya.

Alasiri akaja mama yake, Bi Zuwena. Nikammiminia kahawa. Akakiweka kikombe chini bila ya kuonja, kama wafanyavyo watu wa huku wanapokuja na haja.

"Sinywi mpaka unikubalie, Nasor. Usimtaje mwanangu. Watamcheka."

"Lakini nikiandika kuwa wote wamepata, nitakuwa nimesema uongo."

"Miaka yote hiyo gazetini, huna maneno mengine?"

Nikamwahidi kuwa sitamtaja. Akanywa, akaniombea dua.

Nimeandika "karibu wote". Ni kweli, na jina halimo. Lakini darasa lina wasichana tisa tu, na kesho Ibra nzima itauliza ni nani aliyebaki.