Karata Nilizoficha Ghalani

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa kanisa la Kiadventista huku Gesima, na makosa yangu yalianzia mjini Kisii, nyuma ya duka la vitambaa la rafiki yangu Yashwant, ambaye mwanawe Karan alirudi mwaka jana kutoka masomoni Uingereza na karata za mchezo mpya, si zile za kamari, bali zenye picha za viumbe na radi, ambazo mtu hukusanya kidogo kidogo kisha huchagua sitini za kupigana na za mwenzake, na kwa kuwa kila Jumapili alinishinda kwa joka lake kubwa huku akicheka kwamba hesabu zangu zimezeeka, nikaamua kuunda fungu la kumnyamazisha.

Niruhusu nieleze kidogo. Joka lile halitoki mpaka mwenyewe awe na karata saba za ardhi mezani, nazo huwekwa moja tu kila zamu, kwa hiyo dawa yake ni kumshambulia tangu zamu ya kwanza kwa viumbe wadogo wasiohitaji ardhi nyingi, na karata hizi zimegawanyika kwa rangi, na rangi moja haikunipa viumbe wa kutosha, na rangi tatu zingenichelewesha kwa sababu ardhi ya kila rangi haiji unapoitaka, basi nikachagua mbili, nyekundu kwa ajili ya radi, nyeusi kwa ajili ya mifupa inayotembea, nikaondoa kila karata nzito hata zile nilizozipenda, na Jumapili iliyofuata Karan alishindwa joka likiwa bado mkononi mwake.

Kanisani kwetu karata ni karata, hakuna anayeuliza ni za namna gani, kwa hiyo nikazifunga kwa kitambaa nikazificha ndani ya ghala la nafaka ya wimbi, ambako mke wangu Bathsheba hafiki mara kwa mara, nami niliyezaliwa hapa sikukumbuka kwamba ndiko watu husema wachawi huficha vitu vyao. Jumatatu shemeji yangu Esnah, dada wa mke wangu, akaenda kuchota nafaka ya uji, akafungua kitambaa, akaona mafuvu, akapiga ukunga, majirani wakajaa uani, na Bathsheba akaniuliza mbele yao, "Baba Machogu, hivi ni vyako?"

Nikasema, "Sivijui. Labda kuna mtu aliyeviweka."

Basi wakaanza kukumbuka ni nani aliyeingia ghalani, wakamkumbuka Bosibori, mjane mkongwe anayeishi peke yake chini ya shamba letu la majani chai, ambaye alitusaidia kuhifadhi mavuno, na sasa hakuna anayemsalimu, na vijana wamemwambia ahame kabla ya Jumapili, na mwaka juzi niliona kwa macho yangu nyumba ya mkongwe mwingine ng'ambo ya mto ikiteketea naye akiwa ndani. Jana Bosibori alikuja mpaka langoni kwangu akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, waambie," nami nikamjibu kwamba nitamwombea. Nikisema kweli nitavuliwa uzee wa kanisa, na huenda moto ukageukia kwangu. Namtuma Karan alete barua hii. Nifanye nini?

Mwalimu, Gesima

JIBU

Mwalimu, Karan alifika ofisini kwetu Alhamisi asubuhi. Gazeti hutoka Jumatatu, kwa hiyo alirudi kwako na nakala ya maneno haya saa ile ile. Nayachapa hapa, majina nikiwa nimeyabadilisha, kwa ajili ya wengine walionyamaza kama wewe.

Naelewa hofu yako. Si ya kitoto, maana umeona nyumba ikiungua. Lakini Bosibori naye aliiona, na yeye hana mahali pa kuificha hofu hiyo. Karata si dhambi ninayokugombezea. Ulimsukuma mjane mbele yako ili wewe usionekane, kisha ukamwahidi maombi.

Anza na mke wako, leo, kabla hujala. Ulimdanganya mbele ya dada yake. Kisha mwite mchungaji na naibu wa chifu, na wazazi wa vijana hao, jua likiwa bado juu. Usiende peke yako na usiwangoje waje. Karan aje na baba yake, na karata zake mkononi. Usizichome karata hizo, watasema umechoma ushahidi. Zipange zote sitini mezani, mcheze mbele yao, waone joka, waone mifupa, waulize maswali mpaka wachoke. Sema kwa sauti: "Ni zangu. Nilidanganya."

Uzee wa kanisa huenda ukakutoka, sitakuficha. Uache utoke.

Halafu teremka kwa Bosibori na hao wote nyuma yako, umwombe radhi mlangoni pake. Mwalike alale kwenu, yeye na kuku wake, akae mpaka utakapoona watoto wa majirani wanamsalimu tena. Na miguu ikikuwia mizito njiani, endelea kutembea.